Robo ya Milimita

Mtu akiiona kamera yangu kwa mara ya kwanza huuliza kama imevunjika. Mbele yake pana kipande cha bomba la plastiki, lile la kupitishia maji, na mbele ya bomba pana lenzi ya zamani iliyofungwa kinyumenyume, kioo chake cha nyuma kikitazama nje. Flashi nimeifunika kwa kipande cha dumu jeupe la maziwa. Vyote vimeshikwa kwa gundi na mpira wa tyubu ya baiskeli. Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili hapa Kampala wameipa jina la "bunduki ya buibui", nami sijalikataa, kwa sababu kazi yake ni hiyo moja: kupiga picha za buibui kwa karibu sana.

Nianze na ufundi wenyewe, kwa kuwa mambo mengine yote ya insha hii yametokana nao.

Lenzi ya kawaida imetengenezwa ichukue vitu vikubwa vilivyo mbali, kama nyumba, watu au mlima, na kuvibana viingie kwenye kihisi, yaani kile kibao kidogo kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Ukiigeuza, kazi nayo inageuka: kitu kidogo kilicho karibu kinatandazwa juu ya eneo kubwa. Bomba nalo lina kazi yake. Linaisogeza lenzi mbali na kihisi, na kadiri lenzi inavyosogea ndivyo picha inavyokua. Hesabu yake haihitaji profesa. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele kwa milimita 50, kitu huchorwa kwenye kihisi kwa ukubwa wake halisi. Ikisogezwa kwa milimita 100, kitu huchorwa mara 2 ya ukubwa wake. Kihisi cha kamera yangu kina upana wa milimita zisizozidi 24. Kwa hiyo buibui mwenye urefu wa milimita 5, akikuzwa mara 2, atachukua milimita 10, karibu nusu ya upana wa picha. Yule ambaye ukutani humwoni ila kama doa, sasa ana uso.

Lenzi zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii zipo, lakini bei zake si za mwanafunzi. Yangu niliipata kwa fundi wa kamera mjini, ndani ya boksi la vitu alivyokuwa ameshakata tamaa navyo, kwa fedha ambazo zingenilisha siku chache tu. Bomba ni kipande kilichobaki kwa fundi bomba wa mtaani kwetu. Ndani nimelibandika karatasi nyeusi ili mwanga usirukeruke na kuififisha picha.

Ujanja huu haukuanza kwangu. Mmarekani Thomas Shahan alijulikana mbali kwa picha za buibui alizopiga kwa lenzi za zamani zilizogeuzwa. Na zamani zaidi, katika karne ya 17, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Antoni van Leeuwenhoek, alijisagia lenzi zake mwenyewe, akaona viumbe ambavyo hakuna mtu aliyekuwa ameviona kabla yake. Wauza vitambaa wa wakati ule walitumia vioo vya kukuzia kukagua nyuzi. Mama yangu ni fundi cherehani, na nilipomsimulia habari za mtu huyo hakushangaa hata kidogo. Alisema kwamba anayejua kukagua uzi anaweza kukagua chochote.

Lakini ukaribu una gharama. Lenzi iliyogeuzwa haina mawasiliano tena na kamera, hivyo kila kitu hufanywa kwa mkono. Fokasi huipati kwa kuzungusha pete. Unaipata kwa kusogeza mwili mzima, mbele kidogo, nyuma kidogo, pumzi umeibana, lenzi ikiwa sentimita chache tu kutoka kwa mnyama. Mwanga nao hupungua sana. Ukikuza mara 2, tundu la lenzi lililowekwa kwenye namba 8 hufanya kazi takribani kama limewekwa kwenye namba 24. Ndiyo maana flashi ni lazima, na dumu la maziwa ni lazima vilevile, kwani flashi tupu huacha vidoa vyeupe vikali kwenye macho ya buibui na kuharibu kila kitu.

Gharama kubwa kuliko zote ni kina. Kwa ukuzaji huo na tundu hilo, sehemu ya picha inayoonekana wazi, kutoka mbele kwenda nyuma, ni kama robo ya milimita. Chukua karatasi mbili au tatu za kuandikia uzibane pamoja: unene huo ndio ulimwengu wako wote. Kilicho mbele ya unene huo ni ukungu, na kilicho nyuma yake ni ukungu. Macho yakiwa wazi, miguu imepotea. Nitairudia robo hiyo ya milimita baadaye.

Buibui ninaowapenda zaidi ni wale warukao. Hawa hawatandi tandabui ili kunasa chakula. Wananyatia kama paka, halafu wanaruka. Kabla ya kuruka hubandika uzi pale waliposimama, kama fundi wa mnara anayejifunga kamba kabla ya kupanda. Nguvu ya kuruka haitoki kwenye misuli minene ya miguu. Mnyama husukuma majimaji ya mwili wake kwa ghafla, na miguu ya nyuma ikanyooka. Ndiyo familia kubwa kuliko zote za buibui, yenye spishi zaidi ya 6,000. Mwaka 2022, orodha ya dunia ya spishi za buibui ilipofikia 50,000, aliyeshika namba hiyo alikuwa mmoja wao, mrukaji kutoka Amerika Kusini.

Macho yao ni 8. Mawili ya mbele ni makubwa, yamekaa kama taa za gari, na ndiyo yanayoona vizuri zaidi. Kwa nje hayageuki, kwa sababu lenzi zake zimeshikamana na uso. Kinachogeuka ni retina iliyo ndani, mwishoni mwa mrija mwembamba. Jambo hili nililiona kwenye picha zangu kabla sijalisoma mahali popote: katika picha moja jicho ni jeusi kabisa, katika picha inayofuata, sekunde moja baadaye, ni la kahawia. Jicho likiwa jeusi, ujue mrija umeelekezwa kwako. Wewe unampiga picha, naye anakutazama.

Hapo ndipo lugha ilipoingia. Mimi nasomea Kiswahili, si biolojia. Mwalimu wetu alipotaka kila mwanafunzi alete kitu cha maonyesho ya Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, niliamua kupeleka picha 6 zenye maelezo chini yake. Sharti lake lilikuwa moja: maelezo yawe ya Kiswahili kitupu, mtu asijifiche nyuma ya Kiingereza.

Sharti hilo linafaa kuliko linavyosikika. Kiswahili kina neno buibui, na neno hilo linamtosha yule wa kwenye kona ya dari, yule wa kwenye majani na yule arukaye ukutani. Luganda, lugha ya mama yangu, ina nnabbubi, naye ni huyohuyo kwa wote. Zaidi ya hapo buibui ni vazi pia, na tofauti yao imo kwenye upatanisho: mnyama ni buibui huyu, vazi ni buibui hili. Mwenzetu mmoja alipoandika "buibui limeruka", darasa zima lilicheka, maana kwa sentensi hiyo lililoruka ni nguo. Kisha kuna viungo vya mwili. Mbele ya mdomo wa buibui pana vijimkono viwili ambavyo huvichezesha bila kupumzika. Vipapasio, kama vya panzi, havifai, kwa sababu buibui hana vipapasio. Niliandika "mikono midogo miwili ya mbele". Mwalimu aliisoma, akatikisa kichwa kukubali, akasema kwamba neno linaloeleweka leo linafaa kuliko istilahi itakayotungwa mwakani.

Picha 5 hazikunipa taabu. Taabu ilikuja na ile ya 6.

Niliipiga nyumbani kwetu Entebbe, karibu na Ziwa Victoria, kwenye ukuta wa jikoni, saa mbili za usiku. Buibui mrukaji ametazama lenzi moja kwa moja, macho mawili ya mbele ni meusi na yanang'aa, na mdomoni ameshika mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Kila aliyeiona alisema neno moja: mbu.

Ili msomaji aelewe uzito wa neno hilo, lazima nimtaje mdogo wangu wa kike. Katika mwaka mmoja alilazwa mara mbili kwa malaria. Mara ya pili alikuwa hatambui sauti zetu. Mama alishona usiku kucha kando ya kitanda chake, nguo za wateja zilizokuwa zimechelewa, kwa sababu kukaa bure kulimshinda. Tangu hapo nyumbani kwetu mbu si mdudu wa kusumbua tu. Ni adui anayejulikana kwa jina.

Halafu kuna habari nyingine, na hii ni ya kweli kabisa. Huku huku kwenye ziwa letu, Kenya na Uganda, yuko buibui mrukaji anayeitwa na wanasayansi Evarcha culicivora. Amechunguzwa kwa miaka mingi huko Mbita, upande wa Kenya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba humpendelea mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko mawindo mengine. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu huipata kupitia kwa mbu. Utafiti wa 2006 ulionyesha kwamba huwachagua mbu wa jamii ya Anofelesi, ndio wanaoeneza malaria. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa na watu humvutia. Pwani ya ziwa imejaa vidudu vidogo visivyouma, ambavyo kwa mbali hufanana sana na mbu na huja kwenye taa kama moshi. Katikati ya umati huo, buibui huyu humtambua mbu.

Basi maelezo ya picha yalikuwa yanajiandika yenyewe: "Mlinzi wetu: buibui wa Ziwa Victoria akila mbu wa malaria." Mwenzangu wa kamati ya maonyesho alishayachapa kwa herufi kubwa. Alisema picha hii ndiyo itakayowaleta watu kwenye meza yetu, na Kiswahili kitapata heshima kwa kusema jambo la sayansi.

Niliifungua picha kwenye kompyuta ya maktaba nikaikuza. Macho ya buibui yako wazi mpaka unywele wa mwisho. Macho hayo ndiyo yaliyoangukia ndani ya robo ya milimita. Mawindo yameangukia nje. Mwili wake ni ukungu wa kijivu. Mbu hutambulika kwa mrija wake mrefu wa kufyonzea, na vile vidudu vya ziwani havina mrija huo. Lakini kichwa cha mawindo kimezama ndani ya taya za buibui. Na buibui mwenyewe? Wataalamu wanapotaka kuwa na hakika ya spishi ya buibui, mara nyingi huchunguza viungo vyake vya uzazi chini ya hadubini. Uso mzuri hauwatoshi.

Tulibishana na mwenzangu jioni nzima. Yeye alisema, "Hakuna atakayekuja kupima. Na habari za huyo buibui si ni za kweli?" Nilimjibu kwamba habari ni za kweli, na picha ni ya kweli, ila neno linaloziunganisha halimo katika yoyote kati ya hizo mbili. Tulipompelekea Mwalimu, hakutoa hukumu. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe umeona nini?"

Lakini hakimu wangu halisi hakuwa Mwalimu. Alikuwa Mama. Mwisho wa wiki nilikwenda nyumbani na nakala ya picha. Mama ana Kiswahili kidogo. Kwa watu wengi wa rika lake, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na bado anashangaa kwamba mtu hukisomea kwa hiari. Aliishika picha kwenye mwanga wa dirisha kama anavyoshika kitambaa kipya, akaitazama muda mrefu. Kila Jumamosi yeye hufagia tandabui zote za nyumba, na dawa ya kupuliza haikosekani juu ya kabati. Kisha akaniuliza kwa Luganda:

"Mwanangu, huyu ndiye anayekula mbu? Kama ndiye, niache kupuliza?"

Sikutegemea swali hilo, na hapo nilielewa maelezo ya picha yanaweza kuwa na kazi gani. Kwenye maonyesho, sentensi iliyozidi ukweli ni pambo. Katika nyumba hii sentensi hiyohiyo ingeweza kumfanya mtu alegeze chandarua cha mtoto. Nilimweleza polepole. Nilimwambia yuko buibui wa namna hiyo katika nchi za ziwa hili. Nikamwambia kwamba hata yeye humtaka zaidi mbu aliyekwisha kunywa, yaani humkuta mbu baada ya mtu kuumwa. Faida haimfikii aliyeumwa, inamfikia jirani yake: vimelea huhitaji kama siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine, na mbu aliyeliwa leo hafiki siku hiyo. Lakini buibui hamalizi mbu wote wa jikoni, sembuse wa mtaa. Na picha hii, nikamwambia, inaonyesha buibui na chakula chake. Haionyeshi chakula ni nini.

Mama alinyamaza. Halafu akagusa ule ukungu wa kijivu kwa kucha.

"Hapa uzi umepotea," alisema.

"Ndiyo, Maama. Hapo uzi umepotea."

"Basi usishone hapo."

Niliporudi chuoni niliandika hivi chini ya picha ya 6: "Buibui mrukaji akiwa na mawindo mdomoni. Ukuta wa jikoni, Entebbe, saa mbili usiku. Mawindo hayatambuliki katika picha hii." Pembeni, kwenye karatasi tofauti, niliandika aya moja kuhusu Evarcha culicivora na utafiti wa Mbita, na sentensi ya mwisho ikawataka wasomaji walale ndani ya chandarua. Mwenzangu aliyasoma yote mawili akasema maelezo yangu hayauzi. Lakini alisaidia kuyabandika ukutani, na alinyoosha pembe za karatasi kwa uangalifu kuliko mimi.

Siku ya maonyesho watu walisimama kwenye picha ya 6 kuliko nyingine zote. Walisoma, wakainama, wakaanza kubishana: ni mbu, si mbu, tazama mguu ule, mguu gani, huo ni ukungu. Mlinzi wa lango, mzee ambaye Kiswahili chake kinatupita sisi sote, alibaki hapo zaidi ya dakika 10. Alitueleza jinsi ya kumtambua mbu wa malaria akiwa ametua: tumbo lake hulinyanyua juu, mwili ukawa mshazari. Alisema alijifunza hilo kazini usiku, kwa kuwatazama ukutani. Mwalimu alitoa daftari akaandika maneno ya mzee: ametua, amenyanyua, mshazari. Nina hakika kwamba kama ukutani pangeandikwa "mbu wa malaria", mzee yule angesoma, angeafiki, na angerudi langoni kwake.

Mdogo wangu sasa yuko shuleni na ana afya. Mama bado anafagia tandabui za kwenye kona kila Jumamosi, na bado anafunga chandarua kabla ya jua kuzama. Wale warukao kwenye fremu ya dirisha huwapisha ufagio. Nilipomuuliza sababu, alisema hawana uchafu wa kufagiwa, na tena wanamtazama.

Wenzangu wanaotaka kujaribu kazi hii hawahitaji fedha nyingi. Tafuta lenzi ya kamera ya zamani yenye pete ya kufungua na kufunga tundu, igeuze, ifunge vizuri vumbi lisiingie, na uanze na buibui wa ukutani kwako. Chukua daftari pia. Kabla hujamwonyesha mtu yeyote picha, andika tarehe, mahali, saa, na ulichokiona, kwa maneno uliyo nayo. Halafu ikuze picha, utafute mahali ulipoishia ule unene wa karatasi mbili au tatu. Maelezo yako nayo yaishie hapo.